Usiku supavaiza alipovaa hedseti: uchambuzi wa kisa cha kituo cha simu za dharura

Kisa hichi nimekiandika kwa wanaosimamia watu kwenye shifti, hasa za simu za dharura, lakini hata wa zimamoto au wa mapokezi ya hospitali watakuta lao humu. Majina yote nimeyatoa, tarehe nimeiacha, na kijiji nimekibadilisha kwa chengine chenye tatizo lile lile. Mie niliingia baada ya tukio, niliitwa kusaidia kusikiliza rekodi na kukaa na kila aliyekuwepo, kwa hiyo ninayoyaeleza yametoka kwenye sauti, kwenye fomu za kompyuta na midomoni mwa watu wenyewe.

Kituo kilivyokuwa

Kituo kipo Unguja na kinapokea simu za visiwa vyote viwili, yaani mtu wa Makunduchi na mtu wa Micheweni wakipiga wakati mmoja simu zao zinalia chumba kimoja. Kila shifti ina wapokeaji simu sita, madispacha wawili ambao ndo wanaotuma magari, na supavaiza mmoja. Juu ya masupavaiza yuko meneja wa oparesheni, nitamwita Bi Meneja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, sasa waweke watu hao mbele ya wapokeaji sita usiku wa mvua utaelewa kwa nini kila mtu mle ndani anaiogopa foleni.

Na foleni yenyewe haijai dharura tupu. Kuna watoto wanaochezea simu kwa vile namba ni ya bure, kuna anayeuliza umeme utarudi saa ngapi, kuna aliyeshikwa na moto nyumbani akapiga namba yoyote aliyoikumbuka badala ya 114 ya zimamoto, na wote hao lazima wapokewe kwa heshima na wote wanakula dakika.

Supavaiza wa usiku ule, nitamwita S, alikuwa mpokeaji simu hodari kuliko wote waliopita pale. Sauti ya utulivu, vichochoro vya Ng'ambo anavijua kwa majina ya watu, mama analia mpaka hasikiki yeye anamtuliza mpaka anataja alipo. Kwa ajili hiyo akapandishwa cheo. Mafunzo ya usimamizi hakupewa, alipewa funguo ya kabati, daftari la shifti na kiti cha nyuma basi. Ripoti ya mwezi ya masupavaiza ilikuwa na safu ya simu walizopokea wao wenyewe, na S kila mwezi yuko juu, hata akapewa barua ya pongezi mbele ya wenzake. Ukutani palibandikwa lengo lililochukuliwa kwa NENA, jumuiya ya Marekani ya watu wa simu za dharura, kwamba asilimia 90 ya simu zipokewe ndani ya sekunde 15. Lengo zuri, sina ugomvi nalo, ila linapima simu ilivyoinuliwa, halipimi mgonjwa alivyofikiwa, na pale kipimo chengine hakikuwepo.

Jambo la mwisho la kulijua ni saa. Shifti zilibadilishana saa 12 jioni mwaka mzima. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia kwenye masika, na magharibi inaingia kama saa 12 na nusu, kwa hiyo makabidhiano yalikuwa yanafanyika wakati wanaotoka wanawahi kufuturu kwao na wanaoingia wana njaa na kiu tangu alfajiri, tena wengine hawajafika kwa sababu barabara za saa hiyo za Ramadhani kila mtu anazijua.

Usiku wenyewe

Mvua ilianza baada ya alasiri na haikukata. Mpaka saa 12 maji yalikuwa yamekwisha kujaa sehemu za mabondeni mjini, Kwerekwe, Jang'ombe na kwengineko, na simu zikawa ni zile zile: maji yameingia ndani, waya umeanguka, mzee hawezi kutembea na godoro linaelea. Mpokeaji mmoja hakufika kazini, nyumba yake mwenyewe imeingia maji. Makabidhiano yalifanyika ngazini, supavaiza wa mchana akamwambia S "mvua tu, mengine salama", akashuka. Hakumwambia kuwa baadhi ya sehemu za Pemba hazina umeme tangu mchana na watu wa huko wanapiga kwa simu zenye chaji ya kuhesabu.

Ikaadhiniwa. Pale wana utaratibu wa kufuturu kwa zamu, wawili wawili, tende na uji viko meza ya nyuma, lakini hakuna aliyeandika nani anaanza, kila siku wanaelewana kwa macho tu. Usiku ule wakainuka watatu. Wakabaki wawili kwenye simu, foleni ikafika watu tisa, na S akafanya lile alilokuwa akisifiwa nalo, akavuta kiti akavaa hedseti akaanza kupokea, futari yake ikawa tende moja na maji huku anaongea. Wale watatu walirudi haraka, lakini S hakuivua hedseti kwa zaidi ya saa nzima maana kila akitazama foleni bado iko.

Saa 1 na dakika 5 kijana akapiga. Dada yake ana mimba ya miezi minane, anatoka damu nyingi, wako Kinyasini karibu na skuli. Mpokeaji aliuliza yale ya kitabibu vizuri sana, kwa hapo sikuona la kumlaumu. Akaandika Kinyasini, sistimu ikamletea majina mawili, moja juu moja chini, akabonyeza la juu. La juu ni Kinyasini ya Unguja, Mkoa wa Kaskazini. Kijana alikuwa Kinyasini ya Pemba, Wilaya ya Wete. Baina ya hizo mbili kuna bahari.

Dispacha akatuma gari iliyokuwa karibu upande wa kaskazini Unguja, kwa haraka inayotakiwa, bila kosa lolote kwa mujibu wa fomu aliyoletewa.

Saa 1 na dakika 22 familia ikapiga tena, kwa simu ya jirani kwa sababu ya kijana imezima. Mpokeaji mwengine akaona kwenye skrini mzazi wa Kinyasini ameshatumiwa gari, akawaambia kwa moyo safi kabisa kuwa gari iko njiani, msiondoke hapo. Jirani yule alikuwa na gari yake ndogo na funguo mkononi. Wakamwambia asubiri, ambulensi inakuja. Kwangu mie hii ndo dakika mbaya kuliko zote za kisa hichi, mbaya kuliko kubonyeza jina lisilo, kwa sababu watu walikuwa wanaondoka na sisi ndo tuliowazuia.

Dereva wa Unguja alifika kijijini, mvua inanyesha, akauliza skuli, akamwamsha sheha, yaani kiongozi wa serikali wa pale kijijini, hakuna nyumba yenye mzazi anayeumwa. Akaita redioni. Dispacha akajaribu namba ya kijana, haipatikani, akaandika "mpigaji hapatikani" akarudi kwenye magari mengine aliyokuwa nayo. Fomu ikabaki wazi na hakuna aliyeitazama.

Saa 1 na dakika 41 simu ya tatu. Aliyeipokea ni binti mgeni kuliko wote kazini. Safari hii anaongea bibi wa mgonjwa, na maneno yake kwenye rekodi ni haya: "Mwanangu, kutoka hapa mpaka Wete si mbali, sasa hiyo gari inazunguka wapi?" Binti akashtuka na hiyo Wete. Akamwambia "bibi yangu subiri kidogo, usikate", akainua mkono kumwita S, maana yeye hana ruhusa ya kugeuza gari iliyokwisha kutumwa. S alikuwa na baba aliyepanda juu ya ukuta na watoto wawili, akamwonesha kiganja, subiri. Kwenye kamera ya chumba mkono wa binti uko juu, unashuka, unapanda tena. Dakika nne nzima. Mwisho akaacha kiti akaenda kumgusa bega.

S alielewa pale pale. Akapiga Pemba mwenyewe, akapata gari, lakini bibi alikwisha kata simu na jirani ameshaondoka na mgonjwa. Walifika hospitali kwa gari ya jirani, mama akaongezwa damu, mtoto akatolewa kwa upasuaji. Wote wawili wazima, ingawa mtoto alibaki hospitali muda mrefu. Tuseme lilivyo: waliomwokoa ni jirani na madaktari, kituo hakikuchangia kitu zaidi ya kuwachelewesha.

Maamuzi yaliyofuata, na kwa nini

Kesho yake asubuhi kikao kilikaa na pendekezo la kwanza mezani ni kumsimamisha S kazi na kumpa barua ya onyo yule aliyebonyeza jina la juu. Bi Meneja alikataa kuamua siku ile. Sababu yake ilikuwa nzito: barua ya pongezi ya S imo kwenye faili na imeandikwa kwa tendo hili hili, kuvaa hedseti simu zikizidi, sasa kituo kitamfukuza vipi mtu kwa kufanya alichofundishwa kuwa ndo uhodari? Akaagiza rekodi zote za saa mbili zile zisikilizwe, na kila aliyekuwepo azungumze peke yake bila kuandikishwa maelezo kama yuko polisi. S akatolewa zamu za usiku kwa muda apumzike, mshahara wake haukuguswa, na jambo hilo likatangazwa wazi siku hiyo hiyo ili watu wasilitungie maneno.

Uamuzi wa pili ulikuwa kwenda Pemba kwa familia. Wapo waliosema tukienda tumekiri, tusubiri waje wadai. Bi Meneja akasema tunakwenda kabla ya kudaiwa, kwa sababu familia inajua kitu ambacho rekodi hazina, yaani nini kilikuwa kinatokea upande wa pili wa simu. Walipitia kwa sheha kama inavyotakiwa, wakapokewa barazani na babu wa mgonjwa. Bi Meneja akampa shikamoo yake, akaeleza bila kuzunguka kwamba gari tuliituma Unguja. Ndo hapo walipopata habari ya jirani aliyezuiwa na funguo mkononi, ambayo kwenye kompyuta haikuwepo popote. Babu hakugomba. Alisema: "Mgonjwa wetu kapona, alhamdulillahi. Nambie jambo moja tu mwanangu. Kesho akipiga mwengine kutoka hapa, gari itakuja hapa?" Akajibiwa: "Babu, leo siwezi kukuapia. Nitarudi nikujibu." Kuanzia siku hiyo swali la babu likawa ndo ajenda, kila badiliko lililopendekezwa liliulizwa kama linajibu swali lile au linapamba ripoti.

Mabadiliko yenyewe yalikuja polepole. La kwanza, supavaiza havai hedseti. Ikilazimu kabisa, anamkabidhi mtu mwengine usimamizi kwa jina, kwa sauti, na saa inaandikwa daftarini. La pili, na hili ndo lililochukua mjadala mrefu, supavaiza akapewa mamlaka ya kuipunguza foleni: kuwasha ujumbe uliorekodiwa wakati wa mvua kubwa unaowaelekeza wenye maji ndani lakini hawana mgonjwa wala majeruhi wawasiliane na sheha wao, kuwataka wapokeaji wakate maswali kwa simu zisizo za roho ya mtu, na kuweka orodha ya kupigiwa baadaye. Zamani ilikuwa haya yote yanahitaji ruhusa ya mkubwa ambaye usiku yuko nyumbani kwake. La tatu, kesi moja ikipigiwa mara ya pili inawaka nyekundu kwenye skrini ya supavaiza, na mpokeaji haruhusiwi kusema gari iko njiani mpaka dispacha amwambie gari iko wapi saa hiyo. Majina yanayofanana yakawekewa kisiwa mbele na sistimu haikubali uendelee bila kuchagua.

Makabidhiano ya Ramadhani yakasogezwa saa 10 na nusu jioni, wanakaa mbele ya skrini wanapitia kesi zilizo wazi, magari mabovu, hali ya umeme na mtandao visiwa vyote viwili, nani hayupo. Zamu ya futari inaandikwa ubaoni kila siku. Ile safu ya simu walizopokea masupavaiza ikafutwa kwenye ripoti.

Matokeo

Jaribio la kweli lilikuja mvua za vuli. Simu zilijaa tena, na supavaiza wa usiku ule, siye S, alibaki amesimama nyuma ya watu wake mwanzo mpaka mwisho. Muda wa kusubiri kwenye foleni uliongezeka na lengo la sekunde 15 halikufikiwa, na Bi Meneja aliitwa juu kuulizwa. Lakini hakuna gari iliyokwenda kisiwa kisicho chake, na kesi moja ilipowaka nyekundu supavaiza alimuuliza dispacha, ikagundulika gari imezimika kwenye maji na dereva yuko nje anaisukuma, ikatumwa nyengine wakati ule ule. Zamani familia ile ingeambiwa iko njiani.

Havikwenda sawa vyote. Wapokeaji walinung'unika kwamba sie tunahangaika na simu huku mkubwa anatembea tu. Swali jipya la "uko Unguja au Pemba?" liliwaudhi watu, hasa wazee, mmoja akajibu "mimi niko kwangu", na mwenye uchungu au hofu anaona anapotezewa wakati. Aliyelitatua ni yule binti wa mkono, alipendekeza waulizwe hivi: mkiumwa mnakwenda hospitali gani? Akisema Kivunge umeshajua, akisema Wete au Chake umeshajua, na mpigaji anaona anaulizwa kitu cha maana. Likachukuliwa hilo.

Na mazoea yalirudi. Ijumaa moja mchana, wanaume wengi wako msikitini, supavaiza wa zamu akavaa hedseti bila kumkabidhi mtu. Hakuna kilichoharibika siku hiyo, lakini daftari lilionesha muda ambao chumba hakikuwa na mwangalizi, na jambo likaletwa kwenye kikao cha masupavaiza kama lingekuwa limeua mtu. Tangu hapo Ijumaa ina mpango wake wa watu.

Bi Meneja alirudi Pemba kumjibu babu, akiwa na dereva wa Wete pamoja naye ili familia imjue kwa sura.

Uchambuzi

*Hedseti inavutia, na si kwa ujinga*

Nianze kwa kumtetea S. Hofu ya foleni ina historia. London mwaka 1935 nyumba iliungua mtaa wa Wimpole wakafa wanawake watano, na jirani aliyepiga simu kuita zimamoto alikuwa amewekwa asubiri pamoja na simu za kawaida, na hasira ya tukio lile ndo iliyozaa namba 999 mwaka 1937. Kwa hiyo mtu anayeona foleni ya tisa akakimbilia hedseti hafanyi upuuzi. Hata hesabu iko upande wake, maana hesabu za foleni za simu zilizoanzishwa na Erlang, Mdenmark, tangu 1909 zinaonesha kwamba wapokeaji wakiwa wamebanwa karibu muda wote, mtu mmoja zaidi anapunguza kusubiri kwa kiasi kikubwa kuliko unavyofikiria.

Lakini hesabu hizo hizo zina upande wa pili ambao hakuna aliyemfundisha S. Ukipunguza simu zinazoingia unapata faida ile ile, mara nyengine zaidi, na mle chumbani ni mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kupunguza simu zinazoingia, naye ni supavaiza. Usiku ule simu nyingi zilikuwa za maji ndani ya nyumba bila mgonjwa. Ujumbe mmoja uliorekodiwa ungewaondoa wengi kwenye foleni kwa mara moja, wakati mkono wa S ulikuwa unamwondoa mmoja mmoja. Nahodha akiacha usukani akaenda kufua maji chombo kinapata mtu mmoja wa kufua na kinapoteza mwelekeo, na S aliacha usukani kwa sababu ndicho alichokuwa analipwa sifa.

Watu wa maafa wana kanuni kwamba msimamizi mmoja awe na watu baina ya watatu na saba, watano ndo bora. Kituo kina watu wanane chini ya supavaiza mmoja, tayari ni wengi. Akivaa hedseti wanane hao wana msimamizi sifuri.

*Mkono wa binti*

Dakika nne zile zimefundisha zaidi kuliko ripoti nzima. Binti aligundua kosa. Mtu mgeni kuliko wote, kwa neno moja la bibi, aligundua kosa ambalo mpokeaji mzoefu na dispacha hawakuliona. Kituo hakikuwa na upungufu wa akili, kilikuwa na upungufu wa njia ya akili hiyo kumfikia mwenye mamlaka. Na hapa kuna swali ambalo linanikera mpaka leo, kwa nini alisubiri dakika nne? Nilimuuliza. Alisema, "Nilimuona anaongea na mtu mwenye watoto, nikaona yangu ni wasiwasi tu." Adabu yetu ya kutomkatiza mkubwa ni adabu njema, sitaki ife, lakini ndani ya chumba cha dharura lazima mkubwa mwenyewe atoe ruhusa ya kukatizwa, mapema, kwa maneno, kila mwanzo wa shifti. Sasa masupavaiza wanasema hivyo kila wakianza: ukiwa na wasiwasi njoo unishike bega, hata ukikosea. Na madispacha na wapokeaji wamepewa ruhusa ya kutuma gari ya pili wenyewe wakiwa na shaka ya mahali. Gari mbili zikienda kumchukua mgonjwa mmoja ni hasara ya mafuta tu.

*Simu ya pili ni habari*

Kwenye vituo vingi simu ya kurudia inachukuliwa kama usumbufu wa watu wasio na subira. Tazama usiku ule: simu ya pili ilikuwa na namba mpya, maana yake ya kwanza imezima, na ya tatu ikawa na neno Wete. Kila simu ilibeba kitu ambacho fomu haikuwa nacho. Mpokeaji wa pili aliisoma fomu badala ya kumsikiliza mpigaji, na simlaumu sana kwa sababu alifundishwa hivyo, kumtuliza mpigaji na kuifunga simu upesi. Kumtuliza mtu kwa habari usiyokuwa na hakika nayo ndo kulikomzuia jirani mwenye gari.

*Majina*

Hili ni dogo kulieleza na kubwa kulitengeneza. Kinyasini ipo Unguja na Pemba. Kizimbani ipo Unguja na Pemba. Chwaka kila mtu anaijua ya Unguja lakini Micheweni kuna Chwaka Tumbe. Mjini kuna mtaa unaitwa Mombasa. Sistimu iliyonunuliwa ikaja na orodha imepangwa kwa alfabeti, na hakuna aliyekaa na masheha kuipitia kabla ya kuanza kutumika. Kazi hiyo imefanywa sasa, shehia kwa shehia, na imechukua muda mrefu kuliko mabadiliko yote mengine.

*Nani anamsimamia supavaiza*

Bi Meneja alikuwa anakutana na masupavaiza wake mwisho wa mwezi kupokea namba. Alikuwa hajui S anavaa hedseti kwa muda gani, alijua amepokea simu ngapi, na mtu anayeulizwa namba atakuletea namba. Sasa kila wiki anakaa saa moja ndani ya chumba, saa za usiku zikiwemo, hagusi kitu, anamtazama supavaiza tu: anazunguka? anaangalia kesi zilizo wazi? akiulizwa swali anajibu au anamfanyia mtu kazi yake? Baadaye wanakaa wawili kwa chai wanazungumza. Na masupavaiza wote wanne wanakutana kila wiki mbili, wanaleta kila mmoja kesi moja iliyomtia wasiwasi. S ndo anayeongoza vikao hivyo siku hizi, na wapya wote wanapita kwake kwanza kufundishwa kusikiliza.

Yaliyobaki

Hoja ya kuweka dispacha mmoja Pemba kwenyewe, pengine Chake Chake, bado inajadiliwa. Wanaoitaka wanasema mtu wa kule asingehitaji orodha kujua skuli ipi, wanaoipinga wanahofia usiku mtandao ukikatika atabaki peke yake bila kuona magari wala kesi. Kwa maoni yangu wapewe watu wawili, si mmoja, na redio isiyotegemea intaneti. Posho ya usiku ya masupavaiza nayo haijapanda, wakati kazi yao sasa ni ngumu zaidi, na wawili kati ya wanne wameshaomba kurudi kuwa wapokeaji simu. Bajeti ijayo ndo itaamua.